Mzee wa Miaka 20: Niliyojifunza kwa Kubisha Hodi

(Hotuba hii ilitolewa katika semina ya vijana juu ya amani na maendeleo, iliyofanyika katika ukumbi wa kanisa letu karibu na Kitale. Msemaji alilelewa katika kanisa letu, lakini sasa ni muumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Tumeichapisha jinsi alivyoisema, tukipunguza hapa na pale. – Mhariri)



Ukumbi huu naujua sana. Dirisha lile la pili nililivunja mimi kwa mpira nikiwa darasa la nne, na baba yangu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa hapa, akalipa kioo. Kwa hivyo sikuja kama mgeni. Wala sikuja kuwavuta mtoke kanisani kwenu. Mwenyekiti aliniambia waziwazi: "Njoo utuambie jinsi ulivyoishi huko, lakini usitubatize." Nikamwambia sawa.

Nimeombwa nieleze maisha ya mmishenari kijana katika nchi ya kigeni, wiki baada ya wiki. Mimi nilikuwa Afrika Kusini kuanzia Agosti 2007 hadi Agosti 2009, sana sana Durban na vitongoji vyake. Nitaanza na jinsi tulivyoishi. Halafu nitawaambia habari za mwaka 2008, maana mwaka huo ndio ulionionyesha maisha yale yalikuwa ya nini.

KUITWA MZEE

Katika kanisa letu mmishenari wa kiume huitwa Mzee, na wa kike huitwa Dada. Jina ulilopewa na nyanya yako unaliacha nyumbani, unabaki na la ukoo. Wakati wangu mvulana hakuweza kwenda kabla ya kufikisha miaka 19, na msichana miaka 21. Mwaka 2012 umri huo ulishushwa, ukawa miaka 18 kwa wavulana na 19 kwa wasichana. Mvulana huhudumu miaka miwili, msichana miezi 18.

Basi mimi nilikuwa na miaka 20, ndevu nilikuwa bado nazihesabu, na kila asubuhi navaa shati jeupe, tai, na kibandiko cheusi kifuani cha kusema mimi ni Mzee. Watu wazima walikuwa wakikisoma wananitazama usoni, halafu wanacheka. Sikuwalaumu. Hata mimi nilikuwa nikicheka mbele ya kioo.

Nchi ya kwenda huchagui. Unapeleka maombi yako, halafu barua inatoka makao makuu ya kanisa huko Salt Lake City, Marekani, ikikuambia umeitwa wapi. Mshahara hakuna. Wewe na jamaa zako mnachanga mnachoweza, na penye upungufu waumini wengine wanasaidia. Kwetu mama aliuza magunia ya mahindi. Baba hakutoa hata shilingi, na sababu yake nitaieleza.

WIKI ILIVYOKWENDA

Tuliamka saa kumi na mbili unusu. Tulifanya mazoezi kidogo, tukaoga, tukanywa uji, kisha tukasoma maandiko: kwanza kila mtu peke yake, halafu wawili pamoja. Saa nne asubuhi tunatoka. Hapo ni kutembea, kubisha hodi, kufundisha wanaotaka kufundishwa, kutembelea wagonjwa, mpaka saa tatu usiku. Saa nne unusu taa zinazimwa. Sinema hakuna, televisheni hakuna, wala msichana wa kuzungumza naye chini ya mti hakuna.

Jambo lililokuwa gumu zaidi si kuamka. Ni kwamba huendi popote peke yako. Una mwenzako, na hukumchagua wewe. Rais wa misheni, ndiye msimamizi wetu, ndiye anayewapanga. Mnalala chumba kimoja, mnapika sufuria moja, mnaomba pamoja asubuhi na jioni. Akiwa mvivu, ni wako. Akikoroma, ni wako. Kila baada ya majuma sita kulikuwa na mabadiliko: pengine wewe unahamishwa, pengine yeye, pengine mnaendelea. Ndugu zangu, mtu akitaka kukujua asikutazame ukihubiri. Akutazame wiki ya tano, sufuria haijaoshwa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuiosha.

Saa chache kila wiki tulitoa kwa kazi ya mikono: kulimia mjane bustani, kupaka shule rangi, kubeba matofali. Nilikuja kugundua kwamba milango mingi iliyofungwa kwa Biblia ilifunguliwa kwa jembe.

Jumapili ni ibada. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunafunga milo miwili, na thamani ya chakula kile inatolewa kwa wenye shida.

Na Jumatatu ilikuwa siku yetu ya kufua, kununua vyakula, kukata nywele, na kuandika barua. Siku zile simu ya nyumbani iliruhusiwa mara mbili kwa mwaka: Krismasi na Siku ya Akina Mama. (Tangu Februari 2019 wamishenari wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki. Nikiwasikia wakilalamika kwamba wanakosa nyumbani, nanyamaza tu.) Lakini kila Jumatatu tuliweza kwenda cyber kuandika barua pepe. Dada yangu mdogo alikuwa akienda cyber mjini Kitale kila Jumamosi. Analipa shilingi zake, anaandika yaliyotokea, anachapisha barua yangu kwenye karatasi, na jioni anaisoma mbele ya watu wote wa nyumbani. Baba, aliniambia, alikuwa akitoka nje kwenda kuangalia ng'ombe.

SWALI LA BABA

Sasa sababu ya baba. Mimi nilijiunga na kanisa hili Nairobi, nilipokuwa nikikaa kwa mjomba baada ya shule ya upili. Watu wengi husikia Wamormoni wanafikiria wake wengi. Zamani ilikuwepo, ndiyo, lakini kanisa liliiacha kwa tangazo la mwaka 1890, na leo muumini akioa wa pili anatolewa. Hilo baba halikumsumbua. Alikuwa na lingine.

Kanisa letu lilianzishwa mwaka 1830 huko Marekani. Kwa zaidi ya miaka mia moja mwanamume mweusi mwenye asili ya Afrika hakupewa ukuhani ndani yake. Jambo hilo liliondolewa Juni 1978. Baba alikuwa msomaji, na hilo alilisoma mahali. Jioni moja kabla sijasafiri akaniuliza: "Haijafika hata miaka 30 tangu kanisa hilo likatae mtu kama wewe kugawa mkate wa meza ya Bwana. Sasa wewe ndiye unaenda kuliitia watu?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na maneno niliyofundishwa, lakini jibu la kumtosha mwanamume aliyekuwa akilia bila machozi, hilo sikuwa nalo. Nilimwambia tu, "Baba, nimeomba, na naamini nimeitwa." Akasema, "Haya." Asubuhi yake hakuja kunisindikiza.

Nawaambia haya kwa sababu nimeona vijana wakipewa hotuba zilizosafishwa sana. Mimi nilipanda ndege nikiwa na imani, na nikiwa na swali la baba mfukoni. Vyote viwili nilikwenda navyo kila mlango.

JUMATATU MBILI BILA BARUA

Krismasi ya 2007 ilinikuta KwaMashu, kitongoji kikubwa kaskazini mwa Durban. Mwenzangu alikuwa kijana wa Utah, mtoto wa mkulima. Nilipiga simu nyumbani. Mama alisema, "Alhamisi tunapiga kura, halafu mambo yatatulia." Mnakumbuka sote. Tulipiga kura tarehe 27 Desemba. Matokeo yakatangazwa tarehe 30.

Jumatatu tarehe 31 nilikwenda cyber. Hakuna barua. Nikasema ni sikukuu, cyber ya Kitale imefungwa. Sisi wamishenari hatukuwa tunasoma habari kwenye kompyuta, ni barua tu. Siku ya Jumatano, tukiwa dukani, nikaona gazeti karibu na mahali pa kulipia. Picha ya moto, na jina la nchi yangu. Kanisa lilikuwa limechomwa Kiambaa, karibu na Eldoret, siku ya Mwaka Mpya, na watu waliokimbilia ndani wakafa, wengi wao akina mama na watoto. Kutoka Eldoret hadi kwetu ni kama kilomita 70.

Rais wa misheni aliponisikia alisema, "Piga simu sasa hivi, usingoje." Nikapiga. Mteja hapatikani. Nikapiga tena usiku, mteja hapatikani. Nyinyi mliokuwa hapa mnajua jinsi kadi za simu zilivyokosekana siku zile, barabara zikiwa zimefungwa na maduka yamefungwa. Mimi sikujua. Mimi nilijua tu kwamba simu ya mama imezimika.

Jumatatu tarehe 7 Januari, hakuna barua. Nilirudi chumbani nikaketi juu ya kitanda. Yule kijana wa Utah hakuniambia neno lolote la kunifariji, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alichukua karai, akachukua mashati yangu yote pamoja na soksi, akatoka nje akayafua. Mzungu yule hakujua kufua kwa mkono vizuri, kola alikuwa akizisugua kama anaosha gari. Lakini aliyafua yote, akayaanika, jioni akayapiga pasi. Mimi niliyekuwa nikimhesabia sufuria alizoacha bila kuosha, nikaona haya.

Kesho yake tulitoka kama kawaida, saa nne. Sikutaka. Lakini ratiba ilikuwepo, na ratiba ilinibeba siku ambayo miguu ilikataa.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya Gogo. Gogo kwa Kizulu ni nyanya. Alikuwa mama mjane, na alikuwa ametuambia tangu Novemba: "Dini ninayo. Ni viti vyangu ndivyo havina watu. Ingieni mkae." Kwa hivyo tulikuwa tunaingia tunakaa. Siku hiyo akanitazama akasema, "Leo wewe ni mgonjwa." Nikamwambia habari za kwetu.

Gogo hakushangaa. Alizaliwa Cato Manor, na alikuwa msichana mdogo serikali ya ubaguzi ilipowahamisha watu wa huko kwa nguvu na kuwaleta KwaMashu, miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960. Halafu akiwa mama mzima akaona vita vya vyama, Inkatha na ANC, Wazulu kwa Wazulu, vilivyoua maelfu ya watu katika jimbo lile kabla na baada ya uchaguzi wa 1994. Akaniambia: "Watakuja kwako watu wengi wakueleze nani alianza. Wasikilize, lakini usikae hapo. Sisi wanawake tuliulizana kitu kimoja tu: leo nani hana maji? Mfereji ulikuwa upande ule, na sisi tulikuwa upande huu."

Barua ilikuja Jumatatu tarehe 14 Januari. Nitawaambia ilivyosema, maana wengine wenu hapa mlikuwepo, na wengine wazazi wenu walikuwepo.

Dada yangu aliandika kwamba wote wako hai. Kwamba jamaa mbili za majirani, watu wasio wa lugha yetu, walikuwa wamelala nyumbani kwetu tangu usiku wa Mwaka Mpya, watu 11. Kwamba usiku wa pili vijana walikuja langoni, vijana ambao baba aliwafundisha wengine wao katika shule ya Jumapili, wakataka watolewe. Baba akatoka na taa. Akawaambia, "Hawa ni wageni wangu. Anayetaka mgeni wangu aanze na mimi." Wakaondoka. Siku mbili baadaye ghala letu likachomwa, mahindi yote ya mwaka yakaisha.

Na mwisho wa barua kulikuwa na maneno ambayo dada alisema baba alimwambia ayaandike, neno kwa neno: "Mwambie ng'ombe wako salama. Mwambie amalize kazi aliyoianza."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya baba kwangu kwa miezi mitano.

Nilidhani nitarudishwa, kwa sababu mahindi yaliyokuwa yakinilipia yalikuwa majivu. Waumini wa tawi letu kule KwaMashu, watu wasio na kazi wengi wao, walichanga. Sikuombwa hata nieleze. Nilibaki.

KIWIKO

Nchi yetu ilitiwa sahihi ya mapatano tarehe 28 Februari 2008. Tulikuwa tumezika watu zaidi ya 1,100, na watu kama laki sita walikuwa wametoka makwao. Nikasema, Mungu asante, yamekwisha. Kumbe nilikuwa nimekaa katika nyumba ambayo nayo paa lake linafuka moshi.

Tarehe 11 Mei 2008 ilikuwa Siku ya Akina Mama. Nilizungumza na mama mchana, tukacheka, tukalia. Jumapili hiyo hiyo, Alexandra huko Johannesburg, watu walianza kuwavamia wageni: watu wa Zimbabwe, wa Msumbiji, wa Malawi. Ghasia zikasambaa kwa majuma mawili mpaka Durban na Cape Town. Watu 62 walikufa. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini wenyewe. Mkono ukishazoea kupiga mgeni, hauangalii tena kitambulisho.

Na walimjuaje mgeni? Wote ni weusi. Basi kule Johannesburg watu walisimamishwa wakaulizwa: hiki ni nini? Wanaonyeshwa kiwiko. Kiwiko kwa Kizulu ni indololwane. Asiyejua, au asiyeweza kulitamka, ni mgeni.

Wasomaji wa Biblia mmeshakumbuka. Waamuzi sura ya 12: watu wa Gileadi kwenye vivuko vya Yordani, na neno Shibolethi, na Waefraimu waliokufa kwa kukosa herufi moja. Sisi hapa mwaka ule ule tulikuwa na vizuizi barabarani, mtu anaulizwa kitambulisho, anasemeshwa lugha ya nyumbani aone kama atajibu. Silaha hii ni ya zamani sana, na haigharimu kitu.

Wakati huo mwenzangu alikuwa mpya, kijana wa Zimbabwe, Mshona. Nchi yake nayo ilikuwa katikati ya uchaguzi wenye fujo mwaka huo. Rais wa misheni alitukataza kutoka kwa siku kadhaa. Siku ya pili tukasikia hodi, na ni Gogo. Alikuwa ametembea na fimbo yake na chupa ya chai ya rooibos. Ile ya kawaida alijua hatunywi, kwa hivyo alikuwa akitununulia ya majani mekundu. Akaketi mezani akasema, "Hatuombi kwanza. Kwanza semeni indololwane."

Mimi nilisema mara ya kwanza ikakubalika. Kizulu na Kiswahili ni ndugu: maji wao wanasema amanzi, mtu ni umuntu, mbuzi ni imbuzi. Lakini Kishona hakina L. Mwenzangu alisema "indororwane". Gogo akatikisa kichwa. Tena. "Indororwane." Tena. Hapa kwetu pia kuna wanaochanganya L na R, na sisi tunawacheka, hata mimi nimewacheka. Siku hiyo sikucheka. Nilimtazama kijana wa miaka 21 akijifunza kusema kiwiko ili asiuawe, jasho likimtoka, na mama mzee anamshika ulimi wake kidogo kidogo kama anayemfundisha mtoto kutembea. Ilichukua karibu saa nzima. Alipolipata, Gogo akasema, "Sasa tuombe."

Baadaye tulijua kwamba siku hizo fundi viatu wa Msumbiji alikuwa akilala katika kibanda cha nyuma ya nyumba yake. Hakutuambia. Hatukumuuliza.

Vijana wenzangu, nilikaa nikafikiria. Kwetu ni baba yangu na taa yake langoni. Kule ni Gogo na kibanda chake. Baba hakuwa wa kanisa langu. Gogo hakuwahi kubatizwa kwetu mpaka niliondoka. Hawakujuana, na lugha hawangeelewana. Lakini wote wawili walikuwa na kitu kimoja kabla moto haujawaka: walikuwa wamezoea watu kukaa kwenye viti vyao. Wale majirani 11 walikimbilia kwetu usiku kwa sababu walikuwa wameshaingia kwetu mchana, kwa miaka, kuazima jembe na kunywa chai. Mtu hakimbilii nyumba ambayo hajui mlango wake unafunguka upande gani.

Hapo ndipo nilipoelewa kazi ya wiki zile. Nilidhani nimetumwa kuingiza watu kanisani. Waliobatizwa kwa mkono wangu kwa miaka miwili hawajai viti vya safu ya mbele hapa. Lakini nilifundishwa kubisha hodi kwa mtu nisiyemjua, kila siku, na kukaa naye. Na nilifundishwa kuishi na mwenzangu ambaye sikumchagua.

TUFANYE NINI

Agosti 2027 tunapiga kura tena. Mimi sijui itakuwaje, na anayewaambia anajua anawadanganya. Lakini ninayo mapendekezo matatu kwa kikundi hiki cha vijana, na hayahitaji fedha za mfadhili.

Kwanza, tembeleaneni wawili wawili, kila wiki, siku moja maalum. Na mwenzako asiwe wa lugha yako, wala usimchague. Katibu aandike majina kwenye karatasi, yapigiwe kura kwenye kofia, na mkae pamoja majuma sita kabla ya kubadilishana. Wiki ya kwanza mtaoneana adabu. Wiki ya nne mtagombana. Wiki ya sita mtajuana.

Pili, msiende mkono mtupu, na sisemi zawadi. Nendeni na jembe, na panga la kufyekea ua, na ndoo. Muulize kama Gogo: hapa nani hana maji? Kamati ya maendeleo itapata habari za kweli zaidi kutoka kwa vijana waliochota maji kuliko kutoka kwa karatasi za kujaza.

Tatu, muwe na Jumatatu. Sisemi lazima iwe Jumatatu, lakini iwepo siku ya kuandika au kupiga simu kwa aliye mbali, na kwa jirani wa ng'ambo ya barabara pia. Siku ya shida simu zitazimika. Wale mliozungumza nao kila wiki mtajua mapema nani amekosekana.

Nimalizie na jambo dogo. Nilirudi nyumbani Agosti 2009. Mama alikuwa amepika chai kubwa ya maziwa, na majirani wamejaa. Nikamwambia taratibu kwamba sinywi. Nyumba ikanyamaza. Mnajua kwetu kukataa chai ya mama ni kama kukataa mkono wake. Mama akaniuliza, "Mwanangu, chai imekukosea nini?" Sikujua nitasema nini mbele ya watu wote wale.

Baba alikuwa pale kwenye kiti chake karibu na mlango. Akasema, "Mletee uji. Huyu ni mzee mwenzangu."

Swali lake la jioni ile hakuliondoa. Tulilizungumza mara nyingi baadaye, na tuliliacha kati yetu likiwa bado swali, mpaka alipofariki. Mimi nilibaki kanisani kwangu, yeye akabaki kwenu. Lakini ghala tulilijenga upya pamoja, na katika ujenzi ule walikuja vijana wawili kati ya wale waliokuja langoni usiku. Baba aliwapa nyundo. Hakuwaambia kitu, na mimi pia sikuwaambia kitu. Tulipiga misumari mpaka jua likatua, halafu wote tukaingia ndani tukakaa.